Vin d'honneur bila mjomba

Vin d'honneur sasa imevuka bahari. Vijana wetu wa Bukavu wanaipanga Nungwi, kule Zanzibar, saa jua linapozama: shampeni, pweza kwenye vijiti, dola zinahesabiwa kwa kila kichwa. Na shangazi wa Walungu asiye na paspoti? Eti atatumiwa picha! Wazee ndio walipokea mali, na Sheria ya Familia ya 1987 yenyewe inadai mahari. Lakini siku ya kunywa banaambiwa nafasi zimejaa. Kwetu Bushi, kasiksi ndiyo ilionyesha kwamba ukoo umekubali. Sikatai shampeni, hata mimi nakunywa. Nakataa orodha inayoandikwa bila mjomba. Mbona karatasi ya michango ilimfikia?