Chalbi ina wenyewe

Kila msimu wa utalii ukikaribia, picha za Jangwa la Chalbi hujaa kwenye simu zetu. Uwanda mweupe usio na kichaka, magari yakitimua vumbi, na chini yake tangazo: njoo ukimbize gari mahali pasipo na mtu. Niliendesha lori kati ya Marsabit na North Horr kwa miaka mingi, mahindi kwenda, mbuzi kurudi, na sijawahi kukwama Chalbi nikakosa mtu. Utaapa hakuna kiumbe hadi upeo wa macho. Kabla tanboi hajashusha sepetu, wamefika vijana wawili na ngamia wao, na mzee anayeuliza umebeba nini.

Uzuri wa mahali pale siubishi. Saa sita mchana mazigazi huinua milima ukadhani inaelea, na huko mbele unaona maji kabisa. Maji yenyewe yalikuwapo. Miaka elfu kadhaa iliyopita, mvua ilipokuwa nyingi upande huu wa Afrika, Chalbi lilikuwa ziwa, na jirani yake Turkana lilijaa hadi likamwaga maji kuelekea Nile. Hali ya hewa ikabadilika, ziwa likakauka, likaacha udongo wa mfinyanzi na chumvi. Mpaka leo makombe ya konokono wa majini yanapatikana humo.

Ziwa hilo halijasahau kazi yake. Mvua kubwa ikinyesha, maji hutuama tena, na yakikauka juu hubaki ganda gumu linalomdanganya mgeni. Siku moja mzee wa Kigabra alinisimamisha ukingoni, akachoma ardhi kwa fimbo, akaichomoa na kunionyesha ncha. Ilikuwa imeshika tope jeusi, bichi, kama ugali usioiva. “Leo hapana, dereva. Zungukia Kalacha.” Nikazunguka. Lori lililonipita likikata katikati nililikuta kesho yake limelala hadi kwenye ekseli.

Kando ya uwanda, kule Kalacha na North Horr, chemchemi hutoka chini ya miamba ya volkeno na mikoma husimama. Ngamia hunyweshwa hapo kwa zamu, na zamu hizo zina wenyewe. Chumvi nayo ni malisho: mfugaji huwapeleka wanyama kuilamba, na watu huikwangua wakaiuza. Mahali penye zamu ya maji na njia za mifugo pana sheria, hata kama hapana ua wala kibao.

Kwa hiyo tangazo la “pasipo na mtu” mimi silichukulii kama mbwembwe za biashara tu. Tumeshaona linakoelekea. Kusini ya Chalbi, karibu na Loiyangalani, mradi wa umeme wa upepo wa Lake Turkana ulipewa ekari 150,000. Mitambo 365 ilisimamishwa, na umeme wake nchi inautumia, nami ninautumia pia. Lakini wakazi walikwenda kortini, na mwaka 2021 mahakama ya ardhi na mazingira iliyoketi Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha sheria. Mabishano ya mawakili yakaendelea. Mitambo wakati huo ilikuwa inazunguka tayari, na mchungaji aliyeshinda kesi hana mahali pa kuipeleka hukumu yake.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ipo tangu 2016. Inaruhusu jamii kusajili ardhi yake kwa jina lake, na isiposajiliwa, serikali ya kaunti huishika kama mdhamini tu. Najua usajili una safari ndefu: orodha ya wanajamii, mikutano, wapima ardhi, na ugomvi wa mipaka kati ya majirani ambao si mdogo Marsabit. Ugomvi huo ndio kila mara hutolewa kama sababu ya kungoja. Mwenye mradi hangoji. Kaunti ianze na Chalbi, kingo zake, visima na njia za ngamia, kabla haijatia saini karatasi yoyote ya kambi ya kitalii, ya chumvi au ya upepo.

Na wewe unayetaka kuja kukimbiza gari, karibu. Pitia Kalacha kwanza, utafute mtu wa kukuonyesha pakavu ni wapi, na umlipe.