Kiti Kilichoachwa Wazi

Wako watu wasemao kuwa mbunge ajiuzulupo hamdhuru mtu: ameandika barua kwa Spika, amekwenda zake, na wapiga kura watamchagua mwingine. Maneno hayo mimi siyakubali, nami nataka wewe msomaji, ambaye hutakawia kupata haki ya kupiga kura, uyapime kabla ya kuyameza.

Barua za kujiuzulu si zote sawa. Mwaka 1966 Oginga Odinga na wenziwe walipotoka katika KANU na kuingia KPU, serikali ilipitisha mbio mbio sheria ya kumlazimu mbunge aliyehama chama awarudie waliomchagua. Nia ya sheria ile ilikuwa kuwaadhibu, hapana shaka, na KPU ilinyimwa vibali vingi vya mikutano. Hata hivyo, katika uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo, Odinga alirudishwa na watu wa Bondo, naye Bildad Kaggia akashindwa Kandara. Mwaka 1997 Raila Odinga, akiisha kutoka Ford-Kenya na kuingia NDP, aliwaendea watu wa Langata, nao wakamrudisha Bungeni. Watu hao walikiacha kiti, kisha wakaomba ruhusa ya kukikalia tena. Mwenye kiti aliulizwa.

Lakini iko barua ya namna ya pili, ya yule aitwaye kwenye cheo kikubwa zaidi. Katiba ya mwaka 2010 yakataza Waziri kuwa mbunge. Basi ateuliwapo hana budi kuacha kimoja, na sijasikia bado aliyeuacha uwaziri. Agosti 2024 Opiyo Wandayi, mbunge wa Ugunja na kiongozi wa walio wachache katika Bunge la Taifa, aliapishwa kuwa Waziri wa Kawi. Katiba hiyo hiyo yasema uchaguzi mdogo ufanywe katika siku 90 tangu kiti kiwe wazi. Watu wa Ugunja walipiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miezi 15!

Sababu ilijulikana na kila mtu. Tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna tangu Januari 2023, wala wapya hawakuapishwa mpaka Julai 2025. Aliyeteua alijua, na aliyekubali kuteuliwa alijua. Katika miezi hiyo Bunge halikulala. Tarehe 8 Oktoba 2024 wabunge 281 walipiga kura ya kumwondoa Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua. Ukipenda tendo lile au ukilichukia, Ugunja haikuwa na sauti ya kusema ndiyo wala hapana. Juni 2025 ikaja bajeti, na kodi zake, ambazo watu wa Ugunja huzilipa kama wengine. Bado kiti kitupu.

Nitajibiwa kuwa walipata Waziri, na Waziri ni mkubwa kuliko mbunge. Hoja hii ndiyo inichukizayo kupita zote, kwa kuwa yamfanya mpiga kura kuwa kama mjomba anayefurahia cheo cha mpwawe. Waziri ni wa Kenya nzima. Haulizi maswali Bungeni kwa niaba ya kijiji chochote. Yeye ndiye anayeulizwa. Nao wapiga kura wale walikuwa wamemtuma mtu wa upande wa upinzani akaichunguze serikali, si akaingie ndani yake.

Basi mbunge aitwapo mbele ya kamati ya Bunge kusailiwa kwa ajili ya uwaziri, na aulizwe kwanza kabisa: je, tume ya uchaguzi iko tayari kuwapa watu wako mjumbe mwingine katika siku 90? Kama haiko tayari, jina lake lirudishwe, na Rais atafute mtu asiye na kiti. Watunga katiba walimtenga Waziri na Bunge kwa makusudi, ili achaguliwe miongoni mwa wajuzi walio nje, na wajuzi hao Kenya haijaishiwa nao.