Jumba la Maduka Si Soko

Watu wengi hudhani ya kuwa jumba la maduka ni soko lililostaarabika: soko lililopewa paa, taa, ngazi za umeme na hewa baridi. Dhana hiyo ni potofu. Soko na jumba hufanana kwa kuuza tu. Kwa mengine hupingana.

Soko husimama kwa maneno. Mtu aingiaye Kariakoo kutafuta fungu la nyanya hana budi kuamkia, kuuliza bei, kustaajabu, kuomba apunguziwe, na pengine kuongezwa moja juu ya fungu. Katika majadiliano hayo mafupi muuzaji hupata habari ya mgonjwa wa nyumbani kwa mteja wake, na mteja hupata habari ya mvua za Lushoto. Muuza duka wa mtaani naye humwandika daftarini asiye na fedha leo, kwa kuwa anamjua yeye na jamaa zake. Bei iliyobandikwa juu ya kopo haijui hali ya mtu wala haikopeshi. Mtu aweza kuzunguka jumbani saa tatu, akatoka na mifuko miwili, asiwe ametamka neno la maana kwa mtu yeyote.

Haya si manung'uniko ya wazee wachukiao mambo mapya. Shahidi ni mchoraji mwenyewe. Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Marekani mwaka 1938, ndiye aliyechora Southdale, jumba lililofunikwa lote kwa paa, lililofunguliwa karibu na Minneapolis mwaka 1956. Nia yake ilikuwa njema: watu wa vitongoji, waliokwenda kila mahali kwa motokaa, wapate mahali pa kukutana mfano wa viwanja vya Vienna. Walakini mji kamili aliokusudia haukutokea. Yalistawi maduka na uwanja wa kuegesha motokaa. Mwaka 1978, mjini London, aliyakana majumba hayo hadharani. Ikiwa baba amemkana mtoto, jirani atamleaje bila masharti?

Nasi tumempokea. Nairobi ilipata Sarit Centre mwaka 1983. Dar es Salaam ilipata Mlimani City mwaka 2006, tena juu ya ardhi ya Chuo Kikuu. Mawakili wa majumba husema ya kuwa ni safi, yana vyoo, yanaajiri vijana. Ni kweli. Lakini maji na vyoo ni haki ya soko pia. Halmashauri itozayo ushuru sokoni kila siku bila kuzoa taka, kisha ikalisifu jumba kwa usafi, ni sawa na mtu amfungaye mmoja miguu akamsifu mwenziwe kwa mbio.

Baraza la mawe mbele ya nyumba ya Mswahili halimwulizi aketiye amenunua nini. Kiti cha jumba la maduka huuliza. Hapo ndipo maskini, mzee na kijana asiye na kazi huambiwa, bila kutamkiwa, ya kuwa mji si wao.

Majumba na yajengwe, lakini kwa sharti. Kibali kisitolewe mpaka soko la karibu lipate maji, paa na vyoo. Mchuuzi asifukuzwe njiani kwa ajili ya motokaa. Na mbele ya kila jumba pawe na mabaraza ya kukalia bure. Mwenye jumba atakayeona sharti hilo ni zito atakuwa amekiri mwenyewe ya kuwa hakuja kukaa na watu.