Kituo cha ubunifu kikae karibu na shamba la zabibu

Vijana wanaomaliza vyuo hapa Dodoma huniuliza swali moja: "Bwana shamba, nina programu ya kumsaidia mkulima, nipate wapi mtaji?" Swali ni zuri, ila kabla ya mtaji kijana huyo anahitaji meza, umeme, intaneti, mtu wa kumwongoza na mkulima wa kumwambia ukweli. Hayo yote hupatikana kwenye kituo cha ubunifu. Maoni yangu ni kwamba halmashauri zetu zitenge fedha kwa vituo hivyo, tena huku kwenye kata.

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Miaka miwili baadaye COSTECH, kupitia mradi wa TANZICT uliofadhiliwa na Finland, ilianzisha kituo tunachokijua leo kama Buni Hub. Kimefanya kazi nzuri, lakini kiko Dar es Salaam. Anayetengeneza programu ya zabibu akiwa kule ataijaribu kwa nani?

Chukua zabibu yenyewe. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na wengi huvuna kwa wakati mmoja. Viwanda vikijaa, zabibu haisubiri. Kama mnunuzi angejua mapema nani ana ekari ngapi, aina gani, na atavuna lini, hasara ingepungua. Kuandika programu ya namna hiyo si kazi kubwa. Kazi ni kuzunguka Hombolo na Mpunguzi, kukaa na mkulima mwenye simu ya kitochi, na kurudi msimu unaofuata kurekebisha makosa.

Utaniambia mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ipo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ni kweli, na kikundi cha kukamua alizeti kinafaa kuiomba, kwa sababu kinauza mafuta na kuanza kurejesha mapema. Lakini programu ambayo bado haijapata mteja itarejesha nini? Kijana tutamwachia deni tu.

Napendekeza haya:

1. Tutumie majengo tuliyonayo. Chini ya ASDP vilijengwa vituo vya rasilimali za kilimo vya kata. Kama cha kwenu kimegeuka stoo, anzeni na hicho.

2. Bajeti ilipe gharama za kila mwezi: umeme, bando, mlinzi na mwongozaji, kwa misimu isiyopungua mitatu. Kompyuta isiyo na bando ni pambo la mezani.

3. Wakulima wawemo kwenye kamati ya kuchagua wabunifu. Chama cha msingi cha ushirika kinajua tatizo lipi linauma na lipi ni la kwenye karatasi.

4. Kuwe na ukomo. Kama baada ya misimu mitatu hakuna mkulima anayetumia kilichotengenezwa pale, fedha zielekezwe kwingine.

Wapo watakaosema kata inahitaji maji na dawa kwanza. Hoja hiyo ni nzito, ndiyo maana sipendekezi jengo jipya wala magari. Lakini mkulima anayepoteza mavuno kila msimu hana pa kupata hata ya kuchangia maji.

Sasa kazi ni kwako. Mipango ya halmashauri huanzia kijijini, ikapita kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Mkutano wa kijiji ukiitwa, nenda, nyoosha mkono, omba jambo hili liandikwe kwenye muhtasari. Nawe kijana, kabla hujafungua kompyuta, beba daftari uende shambani ukawasikilize wakulima kumi. Wakikutajia tatizo lilelile, na wakakuambia wako tayari kulilipia, hapo una pa kuanzia.