Mbolea tunayoichoma inashukia ziwani

Kila kiangazi, moshi wa mashamba yanayosafishwa kwa moto na vumbi la ardhi iliyo wazi hutanda juu ya Kiseke na vitongoji vingine vya Ilemela, kisha huelekea ziwani. Tumeuzoea ukungu huo kiasi cha kuuona kuwa ni hali ya kawaida ya msimu. Kwa macho ya mchumi, hiyo ni mali ya mkulima inayopotea angani, na hasara yake inamrudia yeye na mfanyabiashara wa samaki.

Tuanze na jua. Wengi tunajua kwamba jua hukausha maji, lakini kazi yake juu ya uso wa maji ni kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa na Ujerumani walionyesha kwamba mwanga wa jua huvunjavunja utando mwembamba wa mafuta na mabaki ya viumbe unaoelea juu ya bahari, ukatoa mvuke wa kemikali unaopanda hewani. Mvuke huo hugeuka kuwa chembechembe ndogo mno, na chembechembe za namna hiyo ndizo matone ya mawingu yanapojishikiza. Kwa maneno mengine, uso wa maji si mfuniko tu, bali ni mahali ambapo maji na anga hupeana vitu mchana kutwa.

Ziwa Victoria nalo lina biashara yake na anga. Asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya maji yanayotoka huondoka kama mvuke. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Pepo za pande zote hukutana katikati ya ziwa, ndiyo maana wavuvi hukumbana na radi na dhoruba usiku wa manane na alfajiri.

Lakini anga haliteremshi mvua peke yake. Mwaka 2005 Dk. Rashid Tamatamah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vilivyofanyika upande wa Tanzania. Walikadiria kwamba takriban tani 13,500 za fosforasi huangukia Ziwa Victoria kutoka angani kila mwaka, sawa na asilimia 55 ya fosforasi yote inayoingia ziwani. Sehemu kubwa haiji na mvua, bali hushuka ikiwa kavu, kama vumbi na majivu.

Sasa tupige hesabu ya dukani. Mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 una fosforasi halisi ya kilo 10 hivi. Kwa hiyo tani 13,500 ni sawa na mifuko 1,350,000 ya DAP kumwagwa ziwani kila mwaka. Hapo hatujahesabu nitrojeni, ambayo mabua yakichomwa karibu yote huondoka na moshi. Tangu msimu wa 2022/23 Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea. Haiingii akilini kwamba mkulima huyo huyo anayesubiri mbolea ya ruzuku ndiye anayeichoma ile aliyo nayo shambani.

Ikifika majini, mbolea haiachi kazi yake. Mwani wa kijani-bluu una jua la kutosha, na nitrojeni unaweza kujichukulia hewani. Fosforasi hauwezi kujitengenezea, nasi tunaupelekea. Mwani ukistawi kupita kiasi, kisha ukafa na kuoza, hutumia oksijeni iliyomo majini. Samaki wa porini wanaweza kuhama, lakini sato aliyefungiwa kwenye kizimba hana pa kukimbilia. Kwa aliyechukua mkopo wa vizimba, suala hili si la wanamazingira peke yao. Mchuuzi wa dagaa naye analipa, kwani vumbi linaloshuka ziwani hushuka pia juu ya dagaa walioanikwa, na dagaa wenye mchanga hawapati bei nzuri.

Najua mkulima atauliza, je, pamba? Ni kweli masalia ya pamba huchomwa ili kuvunja mzunguko wa wadudu, na ushauri huo una msingi wake. Lakini sababu ya pamba haihusu mabua ya mahindi, majani ya mpunga wala nyasi za kando ya bustani. Hayo yana kazi nyingine: kulisha ng'ombe, kutandazwa kuhifadhi unyevu, au kufanywa mboji. Mboji inahitaji jasho, hilo halina ubishi. Moto ni wa dakika chache na hauhitaji kibarua. Ndiyo maana mahubiri peke yake hayatoshi.

Kwa mtazamo wangu, halmashauri za kanda ya ziwa zifanye mambo mawili. Kwanza, sheria ndogo za moto ziende sambamba na maofisa ugani wanaofika shambani kabla ya msimu wa kuchoma, si baada yake. Pili, shamba lililofunikwa mabaki ya mazao au kuzungushiwa miti ya kukinga upepo lihesabiwe kuwa ni hifadhi ya ziwa, na mwenye nalo apewe kipaumbele katika miche, mbegu na mikopo.

Mkulima naye asisubiri halmashauri. Mwaka huu atenge robo eka, asiichome, na msimu ujao alinganishe mavuno na gharama za mbolea kwa daftari lake mwenyewe. Hesabu hiyo itamshawishi kuliko semina yoyote.