Kigegezi cha Bahari na Vijana Wetu Wazamiaji



Wasomaji wapenzi, kila Ijumaa na Jumamosi wamo vijana wetu hapa Maskati wanaopanda boti kwenda visiwa vya Daymaniyat, vile visiwa tisa vilivyofanywa hifadhi mwaka 1996, ili wazamie na kuwatazama kasa na matumbawe. Swali la wazazi ni moja: mtoto akishikwa na kigegezi, yaani akilewa bahari, afanyeje pasi na vidonge? Swali hili lina uzito, kwani vidonge vingi vya kigegezi huleta usingizi, na mzamiaji mwenye usingizi yumo hatarini.

Kwanza tuiondoe dhana kwamba kigegezi ni woga. Ndani ya sikio mna vifereji vyenye majimaji ambavyo huuarifu ubongo kila mwili unapoyumba. Kijana anapoinamia vifaa vyake botini, macho humwambia kuwa sakafu imetulia. Sikio humwambia kuwa anapanda na kushuka. Mashahidi wawili wakipingana, hakimu hutaharuki, na tumbo ndilo linaloadhibiwa. Nelson, amirali wa Kiingereza aliyeuawa katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, alisumbuliwa na kigegezi mpaka mwisho wa maisha yake, na hakuna aliyemwita mwoga.

Kinga, basi, huanza usiku wa kuamkia safari. Kijana alale mapema. Asubuhi ale chakula chepesi, kama mkate mkavu, ndizi au uji. Sambusa na vitu vya mafuta vingoje jioni. Tumbo tupu nalo halifai. Maji anywe kidogo kidogo. Na tangawizi waliyotusifia bibi zetu si porojo: katika jaribio lililofanywa Denmark na kutangazwa mwaka 1988, wanafunzi 80 wa jeshi la majini waligawanywa, na wale waliopewa gramu moja ya unga wa tangawizi walitapika kidogo kuliko wenzao waliopewa unga usio na nguvu.

Jambo la pili, vifaa vyote vifungwe na kukaguliwa boti ingali bandarini. Kuinama kutafuta mkanda au miwani huku mawimbi yanapiga ndiko kunakowaangusha wengi.

Jambo la tatu ni mahali pa kukaa. Omo hupanda na kushuka kuliko sehemu nyingine zote. Kwa hiyo akae katikati ya boti, chini, penye hewa safi, mbali na moshi wa injini. Uso uelekee mbele, na macho yatazame ardhi ya mbali au pale bahari inapokutana na mbingu, ili jicho na sikio yatoe ushahidi mmoja. Simu ikae mfukoni. Akihisi jasho baridi au mate yanamjaa kinywani, amwarifu nahodha mapema. Akilazimika kutapika, aende upande wa demani, na mwenzake amshike.

Boti ikitia nanga huyumba zaidi kuliko inapokwenda. Anayeanza tu kuchafukwa huweza kupata nafuu akiwa miongoni mwa wa mwanzo kuingia majini, kwa kuwa msukosuko hupungua kadiri mtu ateremkavyo. Lakini aliyekwisha kutapika, au mwenye kizunguzungu, asizamie zamu ile.

Hapa ndipo penye shauri langu kuu kwenu, wazee wenzangu. Kigegezi chenyewe hakiui; aibu ndiyo inayoweza kuua. Kijana huona haya mbele ya wenzake, hukumbuka fedha alizolipa, kisha hujifanya mzima na kuzama. Akitapika chini ya maji, yampasa akishike kifaa cha kupumulia kinywani kwa mkono, atapike ndani yake bila kukitoa, kisha avute pumzi polepole. Aliyetaharuki hukitoa akavuta maji, au hukimbilia juu huku amezuia pumzi, na hewa inayotanuka kifuani huweza kumpasua mapafu. Haya na ayajue kabla ya kuondoka nyumbani, wala asijifunzie huko chini.

Kwa hiyo, mzazi, unapomuaga mwanao alfajiri, mpe tangawizi yake na umpe ruhusa pia: mwambie kwamba akirudi hakuzamia, hutamcheka, wala hutamuuliza habari za fedha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Visiwa havihami, wiki ijayo atavikuta palepale.