Usiache Mbachao Kabla ya Kupima



Mwezi huu tungependa kuzungumzia jambo ambalo mama zetu hawakulijua, lakini siku hizi linaleta ugomvi nyumbani kama sukari iliyokwisha kabla ya mwisho wa mwezi. Nalo ni intaneti ya faiba, na hasa swali hili: je, tuihame kampuni tuliyo nayo, au tuvumilie?

Hapa kwetu Dar es Salaam jambo lilianza hivi. Ilikuwa saa 2:30 usiku. Baba watoto alikuwa sebuleni katika kikao cha kazi kwa njia ya video, nasi tulikuwa chumbani tukifuatilia somo la jioni la uuguzi. Mara picha ikaganda, sauti ikakatika. Baba akainuka, akaenda moja kwa moja hadi chumba cha kijana wetu wa kidato cha tatu. "Wewe ndiye unayemaliza intaneti kwa video zako!" Kijana akajitetea kwamba alikuwa akisoma. Hakusikilizwa. Simu ikachukuliwa, ikafungiwa kabatini. Nasi, tunakiri, tulinyamaza.

Usiku wa tatu simu ilikuwa ingali kabatini, na intaneti ikaganda vile vile. Kesho yake mchuuzi wa kampuni nyingine akapita mtaani na vipeperushi: shilingi 55,000 kwa mwezi, kuunganishwa bure. Sisi tulikuwa tukilipa 70,000 kwa kasi ile ile ya megabiti 20. Baba akasema, "Tuhame kesho."

Sisi wauguzi tuna desturi moja. Mgonjwa akija na homa, hatukimbilii kumbadilishia dawa kabla ya kumpima. Homa ni dalili tu. Yaweza kutokana na malaria, na kifua, au na njia ya mkojo, na kila moja ina dawa yake. Tukamwomba Baba atupe siku saba. Akakubali, ingawa kwa shingo upande.

UGONJWA UKO WAPI?

Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga. Uzi mmoja unaotoka katika kituo cha kampuni kwa kawaida hugawanywa ili uhudumie nyumba nyingi, mara nyingi 32 au hata 64. Kutoka kituoni safari huendelea hadi ufukweni, na kutoka ufukweni hadi kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Kwa hiyo ugonjwa waweza kuwa mahali patatu: ndani ya nyumba yako, katika kampuni yako, au baharini.

Ule wa baharini wengi wetu tunaukumbuka. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi nyingine za jirani. Siku kama ile, kumgombeza mtoto hakusaidii, wala kumtukana fundi. Lakini kuna swali moja linalofaa kuiuliza kampuni kabla hujatia sahihi: "Mnategemea nyaya ngapi za baharini?" Yenye njia zaidi ya moja haianguki upesi wimbi moja likipiga.

JINSI TULIVYOPIMA

Tulichukua daftari la shule na kuchora safu nne: siku, saa, mahali, kasi. Tulipima saa 8 mchana na saa 2:30 usiku, kwa programu ya bure ya kupimia kasi. Kila saa tulipima mara mbili. Kwanza tulichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa. Kisha tukapima kwa waifai kutoka chumbani. Kipimo cha waya hukuonyesha kile ambacho kampuni inakuletea hadi mlangoni. Kipimo cha chumbani hukuonyesha kinachobaki baada ya kupita kuta zako mwenyewe.

Hapa tuonyane jambo moja linalowachanganya wengi. Kasi ya kifurushi huhesabiwa kwa megabiti, lakini ukubwa wa picha na mafaili huhesabiwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Basi kifurushi cha megabiti 20 hupakua megabaiti mbili na nusu tu kwa sekunde. Usidhani umeibiwa kabla ya kugawanya kwa nane.

Siku saba zilipokwisha tuliketi mezani na daftari letu, na tukaona kwamba mgonjwa wetu alikuwa na magonjwa mawili.

La kwanza lilikuwa letu. Mchana kwa waya tulipata megabiti 19, lakini chumbani tulipata 6 tu. Ruta ilikuwa sakafuni, nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, kwa sababu tuliona haipendezi kuachwa wazi. Waifai haipendi kuta nene, vyuma wala kabati. Tukamwita fundi, akaihamishia juu ya rafu kwenye korido, katikati ya nyumba. Alituonya pia tusiukunje uzi wa faiba kama tunavyokunja waya wa pasi, maana ukipindwa sana mwanga huvuja. Jioni ile chumbani tukapata 15 kabla watu mtaani hawajarudi makazini. Hebu fikiri: tungehama na kuiweka ruta mpya ndani ya kabati lile lile, tungelipa tena kwa ugonjwa ule ule.

La pili halikuwa letu. Saa 2:30 usiku, kwa waya, kila kitu kikiwa kimezimwa, tulipata 4, kesho yake 5, keshokutwa 3. Usiku wote saba haikupita 5. Hiyo ndiyo dalili ya msongamano. Kampuni imeunganisha wateja wengi kuliko njia iliyo nayo, kama daladala inayoendelea kupakia kituo baada ya kituo. Mchana hutaona kitu. Utaona jioni, watu wote wanapokuwa majumbani.

Baba aliitazama safu ile ya usiku kwa muda mrefu. Usiku wote ule simu ya kijana ilikuwa kabatini. Akainuka, akaitoa, akampelekea mwenyewe. Tulimsikia akisema, "Mwanangu, nilikuonea. Nisamehe." Kijana akajibu, "Haya, Baba." Baadaye nasi tukaingia kuomba msamaha wa kunyamaza kwetu. Mama mwenzetu, hata kama tusingepata kingine katika daftari lile, hilo pekee lilitosha.

JE, TUKAHAMA?

Si papo hapo. Kwanza tuliipelekea kampuni yetu vipimo vyote kwa maandishi, tukaomba namba ya malalamiko. Mtu anayesema "intaneti ni mbovu" huambiwa azime ruta na kuiwasha tena. Mwenye tarehe, saa na kipimo cha waya husikilizwa zaidi. Walikuja, wakabadilisha ruta, lakini usiku ukabaki vile vile. Tukasubiri siku 14. Kampuni isipokupa nafuu, jua kwamba waweza kupeleka lalamiko lako kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, mradi umeanza kwa kampuni yenyewe na una ushahidi wake.

Pili, hatukukiamini kipeperushi. Tulibisha hodi kwa jirani wa ukuta wa pili, ambaye alikuwa tayari na ile kampuni nyingine, tukamwomba atupimie kwa waya saa ile ile ya usiku kwa siku tatu. Akapata 17, 18 na 16. Usiulize mtu wa mtaa wa mbali, kwa maana kampuni yaweza kuwa nzuri kwake na mbaya kwako.

Tatu, tulisoma mkataba mpaka mwisho. Zile 55,000 zilikuwa za miezi 3 ya mwanzo tu. Baada ya hapo ni 75,000, na mkataba ni wa miezi 12. Tukapiga hesabu: miezi 3 ni 165,000, na miezi 9 ni 675,000. Jumla 840,000. Ya zamani, 70,000 kwa miezi 12, ni 840,000. Tulicheka wote wawili! Kumbe bei haikuwa sababu ya kuhama hata kidogo. Sababu ilikuwa ni jioni zetu: kikao cha Baba, somo letu, na masomo ya kijana.

Kwa sababu hiyo tulihama. Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nasi tuliushika mbacha wetu kwa mwezi mmoja zaidi. Tulilipa kote kuwili, na ilituuma. Hata hivyo tuliona ni afadhali kuliko kukatiwa ya zamani kisha kusubiri fundi wa kampuni mpya wiki mbili nyumba ikiwa gizani. Mpya ilipopimwa na kuonekana nzuri usiku, ndipo tukaandika barua ya kusitisha, tukarudisha kifaa chao, na kudai risiti. Risiti hiyo itunze. Bila hiyo waweza kudaiwa kifaa ambacho hukai nacho tena.

Wewe waweza kupima na kukuta tofauti. Pengine usiku kwa waya unapata kasi yako yote, na tatizo ni kabati tu. Basi kaa ulipo, okoa fedha yako, hamisha ruta. Pengine kampuni yako itarekebisha. Kuhama si ushujaa wala kubaki si uvumilivu, ikiwa hujui unachokikimbia.

Ruta mpya sasa iko juu ya rafu ya korido. Daftari lipo chini yake, na anayelijaza kila mwanzo wa mwezi ni kijana wetu. Kampuni ikianza kulegea, yeye ndiye atakayetuambia, na safari hii atasikilizwa.

Tukutane mwezi ujao.